Naomba ushauri: nimhamishe mtoto au tukaze tu?

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri hasa wazazi na walimu mliomo humu. Binti yangu yuko darasa la nne, shule ya inglishi midiamu hapa Dar, mwaka huu ana ule mtihani wa taifa (wenyewe wanauita upimaji), sasa saa kumi na moja alfajiri basi la shule linampitia, anarudi giza limeingia, Jumamosi rimidio (masomo ya ziada) na wanataka aingie kambi ya kulala shuleni, kambi jamani mtoto wa miaka tisa! Michezo na kuchora vimetolewa kwenye ratiba. Juzi tumepanda maharage kwenye kopo namwonesha mzizi ananiuliza "baba hii huwa inatoka kwenye mtihani?" Nilichoka. Nilidhani NECTA (baraza la mitihani) walivyoacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora presha ingepungua, wapi, shule zinabandika mabango ya ufaulu kila kona.

Mama yake anasema tukaze, mi natamani nimpeleke ya serikali jirani na home apate muda wa kucheza. Aliyewahi kuhamisha mtoto wa la nne katikati ya mwaka, uhamisho wa PREM (ule mfumo wa mtandaoni wa kumbukumbu za wanafunzi) unasumbua kama shule ilishamsajili mtihani?