Historia na Jiografia: nianzie stashahada chuo kidogo au niende moja kwa moja shahada MUCE?

Kijana_wa_Mpunguzi (mleta mada)
Wanajamvi, habari za jioni. Kidato cha sita nimepata two (daraja la pili) ya pointi 10, HGK: Historia C, Jiografia C, Kiswahili D. Ualimu nautaka kweli, sijaukimbilia kwa kukosa pa kwenda. Nimebaki na njia mbili. Kuna chuo cha ualimu cha serikali jirani na kwetu, kidogo tu, stashahada ya sekondari miaka miwili. Halafu kuna MUCE, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa pale Iringa, shahada ya sanaa na elimu, miaka mitatu, endapo mkopo wa Bodi ya Mikopo utatoka. Baba anataka chuo kidogo, nile nyumbani. Mjomba anasema digrii au niache kabisa. Mliopita huko nisaidieni, ila msinitishe na habari za ajira.

Chaki_Nyeupe
Mdogo wangu, kutishwa lazima utishwe kidogo. Walimu wa sanaa tuko wengi mtaani, na nafasi zikitangazwa wa fizikia na hisabati ndio wanaotafutwa kwanza. Zamani ulikuwa unapangiwa kituo umelala kwenu, siku hizi kuna usaili. Halafu angalia mshahara: kwenye ngazi za mishahara ya walimu, stashahada unaanzia TGTS C, shahada TGTS D. Darasa ni lilelile, watoto ni walewale, mwisho wa mwezi hamfanani. Mimi nipo upande wa mjomba.

Mama_Andalio
Mwanangu, mimi ni mkufunzi wa chuo kidogo kwa hiyo najua navutia kwangu, lakini nisikilize. Kwetu andalio la somo linasomwa mstari kwa mstari. Ukiandika lengo lisilopimika, linarudi kwako siku hiyohiyo. Wanachuo ni wachache, huna pa kujificha nyuma.

Nikupe mfano wa Jiografia, maana hapo ndipo walimu wengi wapya wanapoangukia: usomaji wa ramani. Kila mtu anajua kukariri kwamba kontua ni mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Waambie wafundishe kidato cha pili kisicho na kitabu! Tunachofanya ni kuchukua kiazi, unakikata nusu ukilaze upate mlima, kisha unakikata vipande vya unene sawa kuanzia chini. Kila kipande unakizungushia penseli kwenye karatasi moja, kimoja ndani ya kingine. Upande wa kiazi ulio mkali, mistari inabanana. Upande uliolala, inaachana. Mtoto akishaona hivyo hasahau tena. Mambo haya unayafanya mbele ya wenzako, wanakucheka, mkufunzi anakurekebisha, unarudia. Kwenye ukumbi wa mamia nani atakurudisha mbele?

Mzee_wa_Kalenga
Mkufunzi, shikamoo. Kiazi nimekipenda, nitakiiba. Ila tusimfiche kijana kwamba njia ya kufundisha bila cha kufundisha ni bure. Historia inataka kina. Na ukiwa Iringa historia iko nje ya geti: Isimila na zana zake za mawe, Kalenga na fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954, Lugalo ambako Wahehe walikivunja kikosi cha Wajerumani cha von Zelewski mwaka 1891. Mwalimu aliyesimama pale hafundishi upinzani dhidi ya Wajerumani kwa kusoma notsi.

Hilo la ukumbi ni kweli. Nilisoma chuo kikuu kimoja, sikitaji, mazoezi ya kufundisha nilikaguliwa harakaharaka, mkaguzi akawahi gari lake. Mengi nilijifunzia kazini kwa mwalimu mmoja wa stashahada.

Mama_Andalio
Marahaba. Umeona sasa!

Pwani_Tamu
Nawasalimu kutoka Kilifi. Kwetu Kenya mjadala huu umepungua upande wa msingi: cheti cha P1, kile cha ualimu wa msingi, kimeondolewa, sasa ni stashahada, na vyuo kama Shanzu vinataka C ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Lakini Masomo ya Jamii ni somo moja mpaka gredi ya 9, historia, jiografia na uraia ndani yake. Rafiki yangu ana digrii ya historia peke yake na anahangaika akifika kwenye hali ya hewa. Kwa hiyo ndugu yangu, usiidharau Jiografia hiyo.

Chaki_Nyeupe
Huku Tanzania tumeenda kinyume. Maarifa ya Jamii ya shule za msingi imegawanywa kwenye mtaala mpya, kuna Jiografia na Mazingira, kuna Historia ya Tanzania na Maadili. Hii ya pili ni lazima, na hata sekondari inafundishwa kwa Kiswahili. Ndiyo maana sielewi kwa nini kila mtu anakimbilia Historia na Jiografia. Ningekuwa wewe ningechukua Historia na Kiswahili.

Mzee_wa_Kalenga
Kwa D ile ya Kiswahili? Acha asome anachokiweza.

Kijana_wa_Mpunguzi
Asanteni sana, shikamooni wakubwa. Nikianza stashahada, naweza kupanda baadaye? Na huko kuna mkopo?

Mama_Andalio
Kupanda unapanda, ukitoka na wastani wa B mlango wa shahada uko wazi. Hesabu miaka lakini: miwili yetu na mitatu ya chuo kikuu. Mikopo ya stashahada ilianza 2023/24 kwa fani chache za kipaumbele, kwa Historia na Jiografia usiitegemee.

Chaki_Nyeupe
Basi omba kote. Maombi ya chuo cha ualimu hayazuii ya chuo kikuu. Bodi ikikupa, nenda Iringa. Ikikunyima na nyumbani hawana ada, nenda kwa mama hapo juu ukakate viazi. Cheti chako cha kuzaliwa kimeshahakikiwa RITA, wakala wa vizazi na vifo? Bila hicho fomu ya mkopo haiendi, na foleni yake dirisha likishafunguliwa utaichukia.