Mama alilazwa siku 11 kwa madhara ya dawa, na famasi iliyomuuzia haikuandika hata mstari mmoja

Ndugu zangu, nimekaa na jambo hili wiki tatu na hasira haijapungua. Mama yangu mzazi alinunua kotrimoksazoli, ile ambayo wengi tunaiita Septrin, kwenye famasi moja ya mtaani kwetu hapa Dar es Salaam. Alihesabiwa vidonge kutoka kwenye kopo kubwa, vikatiwa ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa "2x2" kwa kalamu, akaondoka. Siku ya tano midomo ilianza kuchubuka, macho yakawa mekundu, na ngozi ya kifuani ikatoa malengelenge yaliyobanduka. Hospitali walisema ni sindromu ya Stevens-Johnson, ambayo dawa zenye salfa zinajulikana kuisababisha kwa watu wachache, na ambayo huua.

Mama alipopata nafuu nilirudi famasi na ile bahasha. Sikwenda kudai fidia. Nilitaka namba ya toleo la dawa, yaani ile inayotambulisha dawa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, na nilitaka madhara yale yaripotiwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA. Binti aliyekuwa kaunta alinijibu kwamba kopo lilikwisha na limetupwa, na kwamba fomu ya njano, ile ya kuripoti madhara ya dawa, ni ya hospitali. Hilo la fomu si kweli hata kidogo. Mfamasia msimamizi, ambaye cheti chake kimetundikwa ukutani lakini mwenyewe sijawahi kumwona pale katika miaka yote niliyonunua dawa, aliniambia kwa simu kuwa ule ni mzio wa kawaida, unajulikana, hakuna cha kuripoti.

Hapo ndipo ninapotaka wafamasia wanisikilize. Ripoti haihitaji uthibitisho, shaka inatosha, na madhara makali huripotiwa hata kama yamo kwenye vitabu. Tanzania iko katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia usalama wa dawa tangu 1993, na ripoti zetu huunganishwa na za nchi nyingine huko Uppsala, Sweden, kwa sababu tukio moja la hapa haliwezi kueleza kitu mpaka liwekwe pamoja na mengine. Mgonjwa aliyepewa vidonge kwenye bahasha hajui mtengenezaji, hajui toleo, hajui tarehe ya mwisho wa matumizi. Anayevijua vyote ni mwenye kopo. Akinyamaza yeye, hakuna mwingine wa kuvisema.

Dawa bandia nazo huzikwa kwa ukimya huohuo. Jirani yangu alirudisha vidonge kwenye duka jingine kwa sababu vilikuwa vinamumunyuka vidoleni na maandishi ya boksi yamekosewa herufi; alirudishiwa hela yake haraka, kwa adabu kabisa, na boksi likarudi rafu ileile mbele ya macho yake. Kwa hiyo aliyefuata aliuziwa. Je, tumesahau mwaka 2012, ARV bandia zilipogunduliwa katika hospitali ya wilaya ya Tarime? Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa moja ya tiba kati ya 10 ni duni au bandia. Mamlaka yetu ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu katika kipimo cha shirika hilo cha ukomavu wa udhibiti wa dawa, mwaka 2018, nami najivunia hilo, lakini maabara haiwezi kupima boksi ambalo hakuna aliyelitenga wala kulitolea taarifa.

Ninaliomba Baraza la Famasi liwabane wanaokodisha vyeti, na kila famasi iandike namba ya toleo kwenye bahasha. Ni tarakimu chache tu, kalamu tayari iko mkononi.

Fomu nimeijaza mwenyewe na kuituma. Sehemu ya namba ya toleo nimeiacha wazi.