Ushauri: bandama nzima inawaka kijani, nipunguze kingamwili ya pili au ninunue nyekundu?

BintiSlaidi: Wakuu habari za jioni. Nimekwama na tarehe ya kuwasilisha tasnifu inanikaba. Natafuta kimelea cha malaria kwenye vipande vya bandama. Naweka kingamwili ya kwanza, ile ya kushika kimelea, naosha, naweka ya pili, ile ya kushika ya kwanza, yenye rangi ya kijani inayowaka, Alexa Fluor 488, naosha, naenda kwenye hadubini. Ninachokiona ni kijani tupu, hata kimelea sikitofautishi. Ya pili naizimua kwa 1:500, yaani sehemu moja kwa mia tano. Swali langu ni moja tu: nishuke hadi 1:2000, au niachane na kijani ninunue nyekundu? Kontroli yangu ni nyeusi tii (slaidi ya kulinganishia), kwa hiyo uoshaji hauna shida.

Kiti cha Nyuma: Naweka kambi hapa, ngoja waje wataalamu.

MzeeWaPipeti: Mwanangu, kabla ya yote, ulizunguusha kichupa kwenye sentrifuji? Ya pili ikikaa sana inafanya madonge, na madonge yanawaka kuliko kitu chochote. Halafu iviringishe foili, rangi hizi zinakufa kwa mwanga. Siku hizi vijana mnaacha kichupa juu ya meza, mko kwenye simu.

Nyambizi: Mimi mzigo wangu ulikwama uwanja wa ndege mpaka barafu ikaisha yote. Nililia. Nikaitumia hivyo hivyo na ikafanya kazi. Kingamwili nyingi zinavumilia siku chache za joto. Kinachozimaliza ni kugandisha na kuyeyusha kila mara. Kwa hiyo ndugu yangu, ukipokea, gawa kwenye vichupa vidogo. Kuhusu wakala wangu sisemi, Mungu anamuona.

DaktariWaMifugo: Pole mdogo wangu. Hujasema jambo la msingi. Hiyo bandama ni ya mnyama gani, na kingamwili ya kwanza imetoka kwa mnyama gani?

BintiSlaidi: Ya kwanza ni nzuri tu, imeandikwa inafanya kazi kwa fluoresensi, yaani njia hii ya rangi zinazowaka. Naomba tujikite kwenye 1:2000 au nyekundu.

DaktariWaMifugo: Mnyama gani?

BintiSlaidi: Bandama ni ya panya wa maabara walioambukizwa *Plasmodium berghei*. Kingamwili ya kwanza ni ya panya pia, ya pili ni ya mbuzi dhidi ya IgG ya panya, yaani kingamwili za kawaida za damu yake. Najua mtasema nini. Lakini ya kwanza inakamata protini ya kimelea, si ya panya. Na panya wenye malaria wanawaka zaidi ya wasio nayo, si ushahidi huo? Nyekundu nimeshailipia kianzio, ni ile ile ya mbuzi dhidi ya panya, ila rangi ni Alexa Fluor 594.

Kiti cha Nyuma: Panya kwa panya! Mbuzi wa watu kaambiwa akamate panya, kakuta nyumba nzima ni panya.

DaktariWaMifugo: Kiti cha Nyuma anatania lakini kamaliza. Kingamwili ya pili haijui kimelea chako. Inajua mnyama tu. Imeagizwa ishike IgG ya panya, na bandama imejaa IgG ya panya mwenyewe: iko kwenye damu, iko ndani ya seli zinazoitengeneza, iko juu ya seli zenye vipokezi vya Fc, vinavyodaka mkia wa kingamwili. Yote hiyo inawaka. Ukishuka hadi 1:2000, kinachotakiwa na kisichotakiwa vitafifia pamoja. Ukinunua nyekundu, bandama nzima itawaka nyekundu. Na hilo la wenye malaria kuwaka zaidi ndilo linalonitisha: panya akipata malaria, kingamwili zake mwenyewe zinapanda sana. Unaweza kuwa unapima hizo, ukaandika kwenye tasnifu kwamba umepima kimelea.

MzeeWaPipeti: Naomba niongeze historia. Albert Coons na wenzake pale Harvard mwaka 1941 walibandika rangi moja kwa moja kwenye kingamwili dhidi ya bakteria wa nimonia. Ya pili haikuwepo. Njia ya kutumia mbili ilikuja baadaye, Weller na Coons waliichapisha mwaka 1954. Faida yake ni kwamba ya pili kadhaa zinaweza kushika ya kwanza moja, mwanga unaongezeka. Hasara ndiyo hii mnayoiona.

Nyambizi: Mimi naona msimamizi wake ndiye wa kulaumiwa. Wa kwangu hata simu hapokei.

Fundi Hadubini: Wakuu, hii ni chai. Rudini kwenye bandiko la kwanza: "kontroli yangu ni nyeusi tii". Bandama ya panya ukiiwekea ya pili peke yake, yenye kukamata panya, haiwezi kuwa nyeusi. Hapo hapo hata chembe nyekundu za damu zinawaka zenyewe kidogo. Huyu ama hajawahi kushika slaidi, ama anatutungia.

Kiti cha Nyuma: Akaunti yenyewe ya wiki hii. Tupia picha.

Nyambizi: Jamani, na mimi nilishamhurumia.

BintiSlaidi: Sijatunga chochote, na ninyi mkiwa mnasubiriwa na kamati mngeona. Kontroli ni nyeusi kwa sababu sikuiwekea kingamwili yoyote, ya kwanza wala ya pili. Kichupa kimebaki kidogo na kila tone ni hela. Slaidi isiyo na kitu inaonyesha bandama haiwaki yenyewe, na hilo ni jibu.

Fundi Hadubini: Sawa, chai nimeifuta. Ila hilo ni jibu la swali lingine. Hiyo inakuambia kuhusu bandama. Inayokuambia kuhusu ya pili ni slaidi uliyoiruka.

DaktariWaMifugo: Tusimfokee, kichupa ni ghali kweli. Fanya moja tu: kipande kidogo, zungushia kalamu ya nta ili tone lisisambae, weka ya pili bila ya kwanza. Kikiwaka, umepata jibu lako.

Sisi kwenye kichaa cha mbwa tunapaka ubongo kwenye slaidi na kutumia kingamwili moja iliyobandikwa rangi ya kijani, FITC, tayari. Virusi vikiwepo unaona vumbi la kijani kibichi, kali, mengine meusi. Hakuna ya pili ya kuchanganya mambo. Na wewe unaweza kubandika rangi kwenye ya kwanza yako, au kutafuta ya kwanza ya sungura. Kama lazima ubaki na hizi, ziba na seramu ya mbuzi, kisha weka vipande vya Fab, yaani mkono mmoja mmoja wa kingamwili, dhidi ya IgG ya panya visivyo na rangi, vifunike IgG ya bandama. Osha vizuri ndipo uweke ya kwanza. Usitumie kingamwili nzima kuzibia: ina mikono miwili, mmoja utabaki wazi na kudaka ya kwanza yako. Na panya wajao, pitisha maji ya chumvi moyoni kabla ya kutoa bandama, damu itoke.

BintiSlaidi: Nimekata kipande, nimeweka ya pili tu. Kimewaka sawa na vingine. Wakala anasema oda haijasafiri, anaweza kubadili nikiongeza hela kidogo. Nichukue ya kwanza ya sungura au hivyo vipande vya Fab?

DaktariWaMifugo: Ya sungura dhidi ya protini hiyo hiyo ikiwepo, chukua hiyo na ya pili ya mbuzi dhidi ya sungura, iliyochujwa isishike IgG ya panya. Isipokuwepo, chukua Fab. Kabla hujalipa, mwombe wakala akutumie karatasi ya maelezo uone neno la kuchujwa limeandikwa, usiamini simu.