C64 na modemu ya WiFi: baudi 1200 inakwenda, 9600 kimya kabisa. Nianzie wapi?

mkonge64:

Wakuu, salaam. Nina Commodore 64 (C64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) ya PAL, yaani toleo la mfumo wa TV wa Ulaya, na modemu ya WiFi yenye chipu ya ESP8266 iliyo kwenye kadi ya kuunga mwenyewe, imechomekwa poti ya mtumiaji. Umeme inauchukua pini ya 2 hapo hapo. Waya wa pini M, unaotoa data, unapita kwenye rezista mbili za kugawa volti, 1k na 2k, kabla ya kuingia kwenye ESP. Teminali, yaani programu ya kuongea na seva, ni CCGMS, na programu ya ndani ya modemu ni Zimodem.

Kwa baudi 1200 (biti 1200 kwa sekunde) maandishi yanasomeka, ila mara moja moja laini inakatika na modemu inaanza upya. Kwa 2400 herufi zinaruka, hasa maandishi yakija mfululizo. Nikichagua UP9600 (njia ya baudi 9600 kwa poti hiyo hiyo) kwenye menyu ya F7, na modemu nimeshaipa amri ya kasi ATB9600, kishale kinapepesa tu. Hakuna hata herufi moja, si nzima wala takataka.

Mawili mengine: seva zinaniletea maandishi yaliyopinduka, yaani "hABARI" badala ya "Habari". Na nikishusha faili kwa Xmodem (utaratibu wa kutuma faili kipande kwa kipande), faili fulani inakufa kipande cha 3 kila mara, wakati nyingine ndefu kuliko hiyo inashuka hadi mwisho.

fundiwaya:

Hizo dalili zina vyanzo tofauti, usizitibu kwa dawa moja. Anza na waya, kisha umeme, kisha kasi. Herufi na faili baadaye.

Kimya cha 9600 kwanza. Kwa 300 hadi 2400 teminali hufuata njia ya kawaida ya C64: data inaingia kwa pini B na C zilizounganishwa, inatoka kwa M. B ni FLAG2, inayoamsha katizo la NMI (ishara ya kuiita prosesa iache kazi yake kwanza) biti ya kuanzia inaposhuka. C ni PB0, ndipo thamani ya kila biti inaposomwa. Prosesa inahesabu biti moja moja. Kwa 1200 biti moja inadumu mikrosekunde 833, muda upo. Kwa 2400 ni 417, na hapo VIC-II, chipu ya picha, inaanza kukusumbua, maana kila mstari wa nane wa skrini inaisimamisha prosesa kwa mizunguko 40 hadi 43 ili isome herufi za kuchora. Ongeza muda wa kuhudumia katizo lenyewe, herufi zinaruka. Kwa hiyo 2400 yako si mbovu, ndivyo njia hiyo ilivyo. Baki 1200 au hamia UP9600.

UP9600 hupita njia nyingine. Rejista za kusogeza biti zilizomo ndani ya chipu za CIA, zinazohudumia poti, ndizo zinazokusanya na kutoa biti, kwa hiyo prosesa inaitwa mara moja kwa baiti, takriban kila milisekunde 1. Rejista hizo huanza na biti kubwa ilhali laini ya siriali huanza na ndogo, basi programu inazigeuza kwa jedwali. Ili haya yote yafanyike kadi inahitaji miunganisho mitatu:

B, C na 7 pamoja (data inayoingia)
M na 5 pamoja (data inayotoka)
L na 6 pamoja (saa ya kupokelea)

Kadi nyingi za zamani zina B–C tu. 1200 inakwenda bila shida, na UP9600 inakuwa kimya, kwa sababu bila L–6 rejista haipati saa, na bila M–5 hakuna kinachotoka. Zima kompyuta, chomoa kadi, weka mita kwenye mlio, uguse jozi hizo moja moja. Kuwa makini na hesabu ya herufi: safu ya chini ni A B C D E F H J K L M N. Hakuna G wala I, na hapo ndipo wengi wanapohama pini moja.

Kama ungekuwa unapata takataka badala ya kimya, ningekwambia uangalie kasi ya modemu, au toleo la teminali linalodhani mashine yako ni ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani. Saa ya PAL ni Hz 985,248 na ya NTSC ni Hz 1,022,727, tofauti ya asilimia 3.8. Ukifika katikati ya biti ya mwisho kosa limeshajilimbikiza hadi zaidi ya theluthi moja ya biti. Mtikisiko kidogo tu, baiti imeharibika.

Umeme sasa. Pini ya 2 imeruhusiwa miliampea 100. ESP8266 inaporusha mawimbi huvuta hadi karibu 300 kwa muda mfupi, volti zinashuka, nayo inajiwasha upya. Ndiko kukatika kwako kwa 1200. Dalili yake ni mfululizo wa takataka kwenye skrini laini inapokatika: ule ni ujumbe wa kuwaka wa ESP, unaotoka kwa baudi 74880 bila kujali umeweka kasi gani. Ipe modemu umeme wake kutoka chaja ya USB, ukate waya wa pini ya 2, ila waya wa ardhi (A, N, 1 au 12) ubaki umeunganishwa pande zote mbili.

Rezista zako za 1k na 2k sizipendi hata kidogo. Kwenye karatasi zinatoa volti 3.33, lakini hiyo ni kama M ingeweza kusukuma karibu miliampea 1.7. Mguu wa PA2 wa CIA, ndio unaolisha M, ukiwa juu umedhaminiwa mikroampea 200 tu, basi volti zinalala na ESP inashindwa kutambua 1. Weka 74LVC125, chipu ya kupitisha ishara, inayolishwa volti 3.3. Miguu yake ya kuingilia inavumilia volti 5, na kuanzia volti 2.0 inahesabu kuwa 1. M iingie mguu wa 2, itoke mguu wa 3 kwenda RX (mguu wa kupokea) ya ESP, na mguu wa 1 uende ardhini, la sivyo mlango haufunguki. Upande wa kurudi, volti 3.3 za ESP zinatosha kwa CIA. Weka tu rezista ya ohm 470 katikati kama kinga.

Na tafadhali usichomeke wala kuchomoa kompyuta ikiwa imewaka. Pini za 10 na 11 zina volti 9 za AC. Kadi ikiingia kichwa chini, pini hizo zinakutana na C na B za kadi yako, yaani moja kwa moja kwenye TX (mguu wa kutuma) ya ESP.

Safu40:

Kuhusu "hABARI": unapokea ASCII (namba za herufi za kompyuta nyingi) huku teminali iko kwenye PETSCII (za Commodore). Katika ASCII, 65 ni A kubwa na 97 ni a ndogo. C64 ikiwa kwenye seti ya herufi ndogo na kubwa, 65 ni a ndogo, na kubwa zinaanzia 193. Bonyeza F8 ndani ya CCGMS kubadilisha kati ya teminali ya michoro na ya ASCII.

Seva nyingi za Commodore zinakuomba ubonyeze kitufe cha kufutia mara tu ukiingia. Hawataki ufute chochote, wanapima. PETSCII inatuma 20, ASCII inatuma 8, na kwa jibu hilo seva inachagua itakuandikia kwa seti gani. Ukigeuza F8 baada ya kujibu, mnaachana. Chagua kwanza, kisha jibu.

Zimodem nayo inaweza kutafsiri PETSCII yenyewe. Tafsiri ifanyike mahali pamoja tu. Ikifanyika modemu na teminali pia, herufi zinapinduliwa mara mbili na alama nyingine zinapotea. Alama za programu kama mabano ya mawimbi, mstari wa chini na mkwaju wa nyuma hazimo kabisa kwenye herufi za kawaida za C64, kwa hiyo usishangae kuona £ mahali pa mkwaju.

Herufi zikitokea mbilimbili, "hhaabbaarrii", zima mwangwi wa upande wako. Seva inakurudishia tayari.

mkonge64:

Ahsanteni sana. Mita imesema B–C zipo, 7 haikuguswa, 5 na 6 pia hazina kitu. Nimepiga lehemu zote tatu, nimeweka 74LVC125 na chaja ya USB. 9600 inakwenda na modemu haijazima tena. F8 imenyoosha herufi.

Limebaki la faili. Bado inakufa kipande cha 3, pale pale. Napiga kwa ATD"jina la seva:23".

shifti:

Neno lako la maana ni "pale pale". Kosa la waya, umeme au kasi huhamahama: leo kipande cha 7, kesho cha 40. Likirudi mahali pamoja kila mara, tazama kilichomo ndani ya faili.

Kilichomo hapo karibu hakika ni baiti 255. Katika telnet, njia ya kuzungumza na seva kwa mtandao, 255 ni alama ya amri, kwa hiyo seva ya telnet ikitaka kukutumia 255 ya kawaida huituma mara mbili. Modemu isiyofuata telnet inakupitishia zote mbili. Kipande cha Xmodem kina baiti 132: ya kuanzia, namba ya kipande, kinyume cha namba hiyo, data 128, na jumla ya ukaguzi. Chako kinakuja na 133, jumla haikubali, seva inarudia kile kile, kinakataliwa tena, mpaka upande mmoja uvunje. Faili yako ndefu imepita kwa sababu haina 255 ndani yake. Ila hata hiyo ingekuwa na vipande 255 au zaidi ingekufa, maana namba ya kipande cha 255 ni 255 yenyewe, na kinachofuata kina namba 0, ambayo kinyume chake ni 255. Yaani baada ya baiti 32,512.

Kwa Zimodem piga ATDT badala ya ATD tupu. Hiyo T inawasha telnet. Kinyume chake nacho kipo: seva isiyotumia telnet ukiipigia kwa ATDT, modemu itameza 255 ya haki pamoja na kinachoifuata. Basi ukiona inakufa pale pale kwa njia moja, jaribu nyingine kabla ya kushika chuma cha lehemu.

mkonge64:

ATDT imemaliza, faili imeshuka yote. Ila ni ndefu kidogo kuliko ya asili, na kasi haifiki baiti 960 kwa sekunde. Ni kawaida?

shifti:

Ndiyo, yote mawili. Xmodem hutuma vipande kamili vya 128, cha mwisho kikipungua hujazwa baiti 26. Kwenye PRG, yaani faili ya programu, hazina madhara kwa kawaida, kwa sababu programu inajua inaishia wapi. Kwenye faili ya maandishi utaona alama za ajabu mwishoni, zifute. Seva ikiwa na Punter, utaratibu mwingine wa kutuma faili, tumia hiyo kati ya Commodore na Commodore, haijazi kitu.

Kasi inazuiwa na kiendeshi cha diski. 1541 bila kiharakishi inakwenda karibu baiti 400 kwa sekunde, na Xmodem husubiri kila kipande kikubaliwe kabla ya kutuma kinachofuata.

fundiwaya:

Ukitaka zaidi ya 9600 utahitaji katriji aina ya SwiftLink yenye chipu ya siriali ya 6551, inayofika 38400 kwa sababu kristali yake ya MHz 3.6864 ni mara mbili ya ile ya kawaida. Ukiunda mwenyewe epuka W65C51N mpya: biti yake inayosema "niko tayari kutuma" imekwama kwenye 1, na teminali itaandika baiti juu ya baiti. Lakini kwa kusoma na kushusha faili kwenye 1541, hutaona tofauti kubwa na ulicho nacho sasa.