Tupeane uzoefu: kuwachagulia watoto michezo ya kielimu na masanduku ya sayansi

Mama wa Katindo, Goma

Wazazi na walimu wenzangu, nawasalimu. Likizo kubwa imekaribia, na wengi wetu tunajiuliza ni kitu gani kitakachowashughulisha watoto tangu Julai hadi Septemba bila kuwaacha mbele ya simu mchana kutwa. Masanduku ya sayansi yanaonekana madukani, mengine huletwa na ndugu walioko ng'ambo, na bei yake si ndogo kwa mzazi anayelipa pia karo na kodi ya nyumba. Naomba kila mmoja aeleze alichowapatia watoto wake, na kile ambacho mtoto alijifunza hata akaweza kukionyesha kwa mikono yake.

Naanza na sanduku la volkano ambalo binti yangu wa miaka kumi na mmoja aliletewa na shangazi yake. Ndani mlikuwa na kalibu ya plasta, brashi, rangi, pakiti ya bikabonati na pakiti ya asidi ya limau. Mlima ulikauka vizuri, povu jekundu likafoka, watoto wa jirani wakapiga makofi. Kisha binti akaniuliza ni nani aliyemwaga asidi ndani ya Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu. Swali lake lilifichua upungufu wa sanduku lenyewe: povu lile linatokana na asidi kukutana na bikabonati, ilhali volkano husukumwa na mwamba ulioyeyuka pamoja na gesi zilizomo ndani yake, na karatasi ya maelezo haikugusia tofauti hiyo hata kwa neno moja. Kwa mtoto aliyeliona anga jekundu usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, na anayekwenda shule akikanyaga mawe ya lava ya mwaka 2002, tofauti hiyo ni lazima aelezwe.

Tuliendelea bila sanduku. Tuliinamisha ubao, tukamwaga juu yake kijiko cha maji, kijiko cha mawese yaliyopashwa moto na kijiko cha asali, tukaangalia kipi kinatangulia kufika chini. Kutoka hapo ikawa rahisi kumweleza kwamba lava ya Nyiragongo ina silika kidogo (madini kama yale ya mchanga), ndiyo maana ni nyepesi na hutiririka kwa kasi, na kwamba lava yenye silika nyingi hujikokota na kujirundika karibu na mahali ilipotokea. Kwa hiyo kipimo changu siku hizi ni kimoja: vilivyomo sandukuni vikiisha, je, mtoto anaweza kuendelea na majaribio kwa vitu vya jikoni na vya sokoni?

Mwalimu wa Keshero, Goma

Mama, asante kwa kuanzisha mazungumzo haya. Sanduku hilo usilitupe, kwa maana bikabonati na asidi vinafaa kwa somo jingine ambalo kwa watoto wa mji huu naliona la lazima kuliko hata lile la volkano, nalo ni somo la mazuku, yaani gesi ya hatari inayojikusanya mabondeni.

Chukua beseni lenye kina, simamisha ndani yake mishumaa miwili, mmoja mfupi kama kidole gumba na mwingine unaokaribia ukingo. Tandaza bikabonati chini, washa mishumaa yote miwili, kisha mimina siki taratibu pembeni bila kuirushia moto. Povu linachemka na kutulia, halafu mnangoja. Mwali wa mshumaa mfupi unanywea, unayumba, unazimika, huku ule mrefu ukiendelea kuwaka. Kaboni dioksidi, gesi inayotoka kwenye povu hilo, ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, nayo hujaza beseni kuanzia chini. Ndivyo inavyokuwa kwenye mabonde madogo ya upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza kuvuma: mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu mahali ambapo mbuzi, au mtoto aliyeinama kuokota kuni, anaanguka na asiinuke tena.

Nilipofanya jaribio hilo darasani, mwanafunzi mmoja aliufunga mshumaa mwingine uliowashwa kwenye waya, akaushusha polepole ndani ya beseni hadi ukazimika, akautoa, akauwasha tena na kurudia, mpaka akaweka alama ya chaki upande wa nje kuonyesha gesi imefika wapi. Hakuna aliyemwelekeza. Sanduku linalomfikisha mtoto hapo linastahili fedha ya mzazi, hata kama picha zake si za kuvutia. Naomba tu mtu mzima awepo kwa sababu ya moto, na mtoto asiingize uso wake ndani ya beseni.

Muuguzi, Bukavu

Ningependa kuongeza upande wa usalama, kwa kuwa masanduku mengi hufika kwetu yakiwa yamefunguliwa au bila karatasi yake. Kabla ya rangi na picha, tafuteni alama ya duara jekundu yenye uso wa mtoto uliokatwa kwa mstari na maandishi 0-3. Maana yake ni kwamba ndani mna vipande ambavyo mtoto aliye chini ya miaka mitatu anaweza kuvimeza, na nyumba zetu mara nyingi zina mkubwa wa miaka kumi na mdogo wa miaka miwili wanaokaa kwenye mkeka mmoja. Kama alama haipo, chukueni bomba la katikati la karatasi ya chooni: kitu kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo.

Vitu viwili nawaomba mviogope kwa kweli. Cha kwanza ni sumaku ndogo zenye nguvu, kwa sababu mtoto akimeza mbili, zinavutana kila moja ikiwa kwenye kunjo lake la utumbo, zinabana nyama iliyo katikati na kuitoboa. Cha pili ni betri bapa zenye umbo la sarafu, ambazo zikikwama kwenye umio zinaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili, hata kama hazikuwa na nguvu tena ya kuwasha taa. Nunueni mchezo ambao nyumba ya betri yake hufungwa kwa skrubu. Mtoto akishukiwa kumeza kimojawapo, msimtapishe wala msingoje dalili: mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Baba wa Kampemba, Lubumbashi

Sisi huku tulichagua sanduku la umeme: waya, taa ndogo za LED, mota, swichi na kishikio cha betri za volti 1.5. Maelezo yake yalikuwa ya Kijerumani, na bado watoto waliyafuata, kwa sababu kila mzunguko ulichorwa vizuri. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza: katika miji yetu tazameni michoro kabla ya lugha.

Betri zilipoisha tulijaribu limau, na hapa nataka kuwatahadharisha wazazi wasije wakakata tamaa mapema. Mnachomeka kipande cha mukuba (shaba) upande mmoja na msumari wa mabati, wenye zinki, upande wa pili. Limau moja haitoi hata volti moja kamili, ilhali taa nyekundu ya LED inahitaji karibu mbili, kwa hiyo taa haiwaki na mtoto anadhani ameshindwa. Unganisheni malimau matatu au manne kwa mfuatano, mukuba wa hili kwa msumari wa lile, kisha itazameni taa gizani. Mwanga wake ni hafifu, lakini upo. Malimau hayo yasiliwe baadaye, kwani zinki imekwisha kuyeyuka ndani yake. Kwa watoto wanaokua katika mji uliojengwa juu ya mukuba, kuona kazi ya madini hayo mezani kwao ni jambo kubwa.

Baba wa Majengo, Goma

Kwa heshima, kipimo cha Mama wa Katindo nakikubali nusu. Kuna kitu ambacho wala jikoni wala sokoni hukipati, nacho ni lenzi nzuri, na hapo sanduku lina haki ya kununuliwa. Lakini msidanganyike na namba. Hadubini nyingi za plastiki huandikwa kwamba zinakuza mara 1200. Kwa lenzi za aina hiyo, unachokipata ni ukungu mkubwa zaidi, si undani zaidi. Afadhali hadubini ya mara 40 hadi 400 yenye lenzi za kioo na kibao kisichotikisika. Wasio na uwezo huo watafute ile ya karatasi ya kukunja iitwayo Foldscope, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambayo hukuza mara 140 na hubebwa mfukoni.

Sisi tulianza na maji ya pipa la mvua. Kiluwiluwi cha mbu kilichoonekana kwa macho kama kamba nyembamba kilijaa kwenye lenzi, kikiwa na nywele, macho mawili meusi na bomba la kupumulia mkiani, na ndani ya kifua chake kitu kilikuwa kikidunda. Watoto walibishana kama ni moyo. Jioni hiyo wao wenyewe walitafuta kitambaa na kamba wakalifunika pipa, kazi ambayo nilikuwa nikiwakumbusha kila wiki.

Dada wa Ndosho, Goma

Nitasema kwa ufupi kuhusu michezo ya mezani. Igisoro, aina ya bao, ina mashimo 32 na kete 64, na mtoto anayetaka kushinda hulazimika kuhesabu mizunguko kadhaa kichwani kabla ya kuinua kete; mashimo yanaweza kuchimbwa ardhini na kete zikawa mbegu, kwa hiyo haina gharama yoyote.

Scrabble ya Kifaransa, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, nimeipenda kwa msamiati wa shuleni, lakini mkitaka kucheza kwa Kiswahili mtakwama mapema, kwa maana ina K moja tu na W moja tu, na kila moja ina thamani ya pointi 10. Mtoto hawezi kuandika "kuku" bila kutumia kipande kitupu. Sisi tulikata vipande vya ziada kutoka kwenye boksi la viatu, tukaongeza K, W, Y na A, tukashusha pointi zake, na watoto ndio waliopendekeza ziwe ngapi baada ya kuhesabu herufi kwenye ukurasa mmoja wa kitabu chao cha shule. Mwenye kuhitaji orodha ya herufi tulizoongeza aniambie, nitaiweka hapa kesho.