Boti ya faiba inaingiza maji, mashine inazima katikati ya bahari. Naombeni msaada (Tanga)

Mchuuzi wa Sahare

Hodi humu ndani. Wakubwa shikamooni, rika langu habari za kazi.

Mimi ni mama mchuuzi wa samaki hapa Tanga, mwaka wa 14 sasa. Nanunua Sahare na Deep Sea, nauza sokoni na kwenye mahoteli. Mwezi uliopita mimi na mdogo wangu wa kiume tumenunua boti ya faiba iliyotumika, futi 23, pamoja na mashine yake Yamaha Enduro 40, ile ya kuchanganya oili na petroli. Tumetoa shilingi milioni 9. Ni hela ya vikoba na ya kiwanja alichotuachia marehemu baba. Nia yetu ni kuwafuata wavuvi kulekule visiwani, Jambe na Karange, tusingoje samaki wafike pwani bei imeshapandishwa na madalali.

Siku ya kuijaribu tulizunguka kisiwa cha Toten tukarudi, mashine inalia vizuri, ndani pakavu. Tulipomaliza kulipa ndipo mambo yakaanza.

Kwanza maji. Ikilala nangani usiku, asubuhi tunafua ndoo 5 au 6 za lita 20. Ikitembea na mzigo ni zaidi ya hapo. Kizibo cha nyuma tumebadilisha, maji ni yaleyale. Rangi ni mpya ndani na nje, kwa hiyo ufa hauonekani popote.

Pili mashine. Inawaka kamba ya pili, inakimbia vizuri dakika 20 au 25, halafu inaanza kukohoa, inaishiwa nguvu, inazima. Tukikaa kama dakika 10 inawaka tena kama haikuwa na neno. Jumanne imetuzimikia karibu na kisiwa cha Ulenge, maji yanakupwa, mkondo unatupeleka nje, na huku ngama, pale chini ndani ya boti, inajaa. Mdogo wangu akitupa nanga, mimi nafua. Nanga ilishika mara ya tatu. Mimi kuogelea sijui. Usiku ule sikulala.

Fundi mmoja ametwambia kabureta imekufa tununue nyingine, na boti tuipake lami chini. Kabla sijatoa hela nyingine nimeona niulize. Nianzie wapi?

Kijana wa Pangani

Pole sana dada. Lami usipake. Mimi nilipaka puti na resini kwa nje pale nilipodhania panavuja, ikatulia wiki mbili, ikarudi vilevile. Ilibidi niikwangue yote upya na kazi ya kukwangua ilinichosha kuliko kazi yenyewe.

Kwenye mashine angalia petroli kwanza. Ya kwenye madumu mara nyingi ina maji. Mimina kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache nusu saa. Kama ina maji yatakaa chini, utaona mstari.

Fundi Faiba Bagamoyo

Marahaba mwanangu, pole kwa yaliyokupata. Nimeanza kazi hii hapa Bagamoyo nikiwa kijana, namshikia mjomba kopo la sifa, yale mafuta ya papa, akikalafati madau (kuziba nyufa za mbao). Sasa nina miaka mingi kwenye faiba. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu hela uliyotoa ni ya jasho na mambo mawili uliyoambiwa yote sikubaliani nayo.

Mashine inayowaka kwa kamba ya pili na kukimbia dakika 20 bila kasoro, kabureta yake haijafa. Kabureta mbovu inakusumbua tangu asubuhi, inakataa sailensa (kunguruma taratibu bila gia), inalowesha plagi kwa petroli. Hiyo yako inakula vizuri, kisha chakula kinakatika. Au inapata joto. Au umeme unakatika ikishapata moto. Ni matatu hayo, na unaweza kuyatenganisha bila kununua kitu.

Fanya hivi. Ifunge boti kwenye maji mafupi, iwashe, weka gia, acha ifanye kazi ikiwa imefungwa kamba. Muda wote angalia kama inakojoa, yale maji yanayotoka nyuma ya mashine. Yakipungua au yakikata, zima hapohapo. Hapo ni impela ya pampu ya maji, au kitundu kimeziba chumvi, kichokonoe kwa waya mwembamba.

Kama inakojoa vizuri, subiri ianze kukohoa. Ikianza tu, shika lile pira la kukamua mafuta kwenye mpira wa tangi. Limejaa na ni gumu? Basi mafuta yapo, tafuta umeme: plagi, koili. Limenywea, limebonyea kama kopo lililokanyagwa? Basi mashine inavuta na tangi halitoi. Hapo fungua kifuniko cha tangi polepole, sogeza sikio. Ukisikia hewa inaingia kwa kishindo, fsss, umeshapata ugonjwa: tangi halipumui. Petroli ikitoka lazima hewa iingie mahali pake. Hewa isipoingia, pampu ya mashine inashindana na tangi mpaka inashindwa. Ukikaa dakika 10 hewa inapenya kidogokidogo, inawaka tena. Ndiyo maana nakuambia usikimbilie dukani.

Sasa maji. Hapa ndipo watu wanapotupa hela, kwa sababu kila mmoja anataka kupaka kabla hajajua anapaka nini. Maji ya faiba hayaingii pale unapoyaona ndani. Yanaingia mbele, yanatembea chini ya sakafu, yanatokea shetri, yaani nyuma, wewe unapaka shetri. Ni lazima uigeuze kazi: boti iwe nchi kavu, maji yawe ndani, wewe uwe nje unaangalia.

Ipandishe, itege sawasawa kwenye magunia ya mchanga, mkuku (uti wa chini wa boti) wote umelala juu ya kitu. Ifute nje mpaka ikauke kabisa, kisha pakaza jivu kavu au unga chini yote. Ndani mimina maji baridi uliyochanganya bluu ya kufulia. Usijaze! Lita 200 ni kilo 200, na boti nchi kavu haishikwi na bahari. Nimeona moja imepasuka tumbo kwa kujaribiwa hivyo. Anza na ndoo 3, ngoja, ongeza. Keti chini na tochi. Jivu litalowa doa dogo la bluu. Lizungushie chaki. Usiondoke kwa doa la kwanza, kwani halikosi mwenzake.

Macho yako yawe sehemu tatu: mkuku, hasa kama wanaiburuta mchangani, tundu la kizibo, pale shaba inapoingia kwenye faiba, si kizibo chenyewe, na boliti za mashine. Ubao wa nyuma ndani ya faiba ni plaiwudi, na mashine hiyo ina zaidi ya kilo 70 inayotikisika siku nzima. Boliti zikilegea maji yanaingia kwenye ubao na unaoza huku nje rangi inang'aa. Ugonge kwa mpini wa bisibisi kuanzia kingoni kuja katikati. Mzima unalia ko, ko. Uliooza unalia kama unagonga godoro.

Rangi mpya ndani na nje kwenye boti ya kuuzwa, mwanangu, siku nyingine omba uione kabla ya rangi. Na siku ya majaribio iache nangani usiku mmoja. Mzunguko wa Toten hautoshi.

Mzee wa Kigombe

Fundi amesema kweli. Mimi naongeza la kupandisha. Usiite watu 20 kuivuta. Ngoja bamvua, siku zile maji yanajaa kuliko kawaida, uingie na maji yakiwa yamejaa kabisa. Kwetu huku siku za bamvua yanajaa kama saa 10 jioni, na yanapanda zaidi ya mita tatu. Isogeze mpaka juu kabisa ya mchanga, itege, maji yakiondoka umepata gudi (mahali pakavu pa kutengenezea vyombo) ya bure. Siku zinazofuata yanapungua kuelekea maji mafu, ya kujaa kidogo, hayakufikii tena mpaka bamvua lingine. Una zaidi ya wiki ya kazi.

Kitu kingine usisahau, oili ya gia kule chini. Fungua skurubu ya chini, idondoke kwenye kopo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye sili ya pangaboi (propela). Mara nyingi ni mshipi wa kuvulia umejiviringisha nyuma ya pangaboi ukaikata sili. Kurudisha oili, ingizia tundu la chini mpaka itoke la juu, vinginevyo unafungia hewa ndani.

Na majaketi, mama. Hata kama ni kuvuka hapo Toten tu.

Mchuuzi wa Sahare

Ahsanteni mno, Mungu awalipe. Majaketi nimenunua manne leo asubuhi, kabla ya kitu kingine.

Mashine tumeifunga pale Sahare kama alivyosema fundi. Dakika ya 22 ikaanza kukohoa. Inakojoa vizuri tu. Nikashika pira: limebonyea, pande mbili zimegusana. Nikafungua kifuniko cha tangi na hewa ikaingia kwa sauti mpaka watu waliokuwa wanapaa samaki pembeni wakageuka. Mashine ikarudi hapohapo, haikuzima.

Ile skurubu ya hewa juu ya kifuniko ilikuwa wazi, ndiyo maana hatukuishuku. Tumeing'oa. Tundu lake lilikuwa limezibwa na sabuni ya mche, imekauka, ngumu kama chaki. Nadhani aliyekuwa nayo alikuwa anazuia petroli isimwagike kwenye mawimbi. Nimeichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia, ikatoka kipande kama punje ya mchele. Hicho ndicho kilichotaka kutupeleka Pemba.

Oili ya gia ilikuwa nyeusi lakini haina maji, tumebadilisha.

Boti tumeipandisha bamvua hili. Tumepata madoa mawili ya bluu. Moja liko kwenye mkuku, kama hatua tatu kutoka omo, yaani mbele: chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti faiba imelika mpaka nyuzi zinaonekana. La pili ni boliti mbili za chini za mashine. Ubao nimeugonga mwenyewe. Juu na pembeni ko ko, kuzunguka hizo boliti mbili sauti inakufa. Je, ubao wote ung'olewe?

Fundi Faiba Bagamoyo

Umefanya kazi nzuri. Sindano hiyo itunze.

Ubao usiung'oe bado. Shusha mashine. Kwa ndani, toboa kwa kekee ya milimita 5 sentimita chache kutoka kwenye tundu la boliti, angalia unga unaotoka. Mweupe mkavu ni mzima, wa kahawia wenye unyevu ni mbovu. Sogea, toboa tena, mpaka uujue mpaka wake. Kama ni upana wa kiganja tu, panua matundu ya boliti, kwangua ubao mbovu, acha ukauke, jaza epoksi, ikikauka toboa upya ndani ya epoksi. Hapo hata maji yakipita kwenye boliti hayakuti ubao. Boliti ziwe stenlesi, na washa (zile pete za boliti) kubwa, na gundi ya poliyurethani ya baharini. Silikoni ya madirishani hapana. Ukikuta umeoza nusu nzima, niambie, ni habari nyingine.

Mkuku. Ng'oa puti yote. Oshea maji baridi mara nyingi, chumvi ikibaki inavuta unyevu na kiraka kinabanduka. Acha siku 3 au 4, usiku ifunike. Kupima kama pamekauka, bandika nailoni nyeupe kwa solotepu pande zote, iache ipigwe na jua la asubuhi. Ukiona umande chini ya nailoni, ngoja.

Kisha sugua kwa grainda, faiba ishuke kwa mteremko. Kipimo changu ni mara 12 ya unene: faiba ya milimita 6, mteremko wa sentimita 7 kila upande. Hapo ndipo wengi wanapochoka, wanaweka kiraka kama plasta juu ya ngozi. Futa kwa asetoni. Mati (kitambaa cha nyuzi za faiba) ya gramu 450, tabaka baada ya tabaka, kwa joto la Tanga hadina, dawa ya kugandisha resini, mililita 10 kwa lita ya resini inatosha, anza kabla jua halijawa kali. Changanya nusu lita nusu lita. Na hadina isiguse jicho, inapofusha. Vaeni miwani na kitambaa puani, vumbi la faiba linaumiza kifua.

Impela badilisha hata kama inakojoa, hujui ina miaka mingapi. Petroli lita 25 kwa oili nusu lita, oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3. Ya pikipiki usitie.

Mchuuzi wa Sahare

Nimerudi. Samahani kwa kukaa kimya, tulikuwa kazini.

Ubao ulikuwa umeoza upana wa kiganja changu, kidogo zaidi upande wa kushoto. Tumejaza epoksi. Mkuku tumeweka tabaka sita. Mdogo wangu alitaka kupaka siku ya pili, nikamwonyesha umande kwenye nailoni, akanyamaza. Tumesubiri siku tano. Kazi yote, na impela, haikufika nusu ya bei ya kabureta tuliyotajiwa.

Juzi imelala nangani Sahare. Alfajiri nimeingia mwenyewe na tochi, nimeingiza mkono chini ya sakafu mpaka kiwiko. Vumbi. Jana tumekwenda Jambe na kurudi, haikuzima hata mara moja, na tumerudi na changu na tasi kreti mbili.

Mdogo wangu anauliza, boliti za mashine azikaze tena baada ya muda gani?

Fundi Faiba Bagamoyo

Alhamdulillah. Akague baada ya safari tatu za mwanzo, kisha kila mwezi. Spana ikigoma aache hapo, asilazimishe mpaka gundi yote ikakamuka nje.