Chandra ikikatiwa bajeti, nani atazidaka nyota changa zikipandisha mwanga?

Wadau, Machi 2024 NASA ilipendekeza bajeti ya darubini ya eksrei ya Chandra ishushwe kutoka dola milioni 68 hadi kama milioni 41. Sababu: chombo kimezeeka, kiko angani tangu 1999, na kukikinga na joto kumekuwa kazi kubwa. Napinga, na ushahidi wangu ni nyota moja.

Januari 2004 Jay McNeil, mtazamaji wa ridhaa wa Kentucky, alipiga picha eneo la nebula (wingu la gesi na vumbi) ya M78, kundinyota la Jabari, kwa kidarubini chenye lenzi ya upana wa sentimita 8 hivi. Akakuta kiwingu king'aavu ambacho picha za zamani hazikukionyesha. Kilichokiangaza ni nyota changa, V1647 Orionis, iliyoanza kupandisha mwanga miezi michache nyuma. Chandra ikageuzwa haraka: eksrei zimepanda karibu mara 50! Tulijuaje zimepanda? Chandra hiyohiyo ilishapiga eneo lile Novemba 2002, kwa shughuli nyingine kabisa. Bahati tupu, lakini bahati ya aliyekuwepo.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, nyota moja haitoshi. V1118 Orionis, nyota changa nyingine ya Jabari, nayo ilipandisha mwanga 2005, eksrei zake zikabaki karibu palepale. Hapo uhusiano uko wapi? Halafu Ulaya wana XMM-Newton, darubini yao ya eksrei. Kwa nini tulipie mbili?

Mwanzisha mada: V1118 ndiyo inanipa nguvu. Gesi ikiporomoka kutoka kwenye diski ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota changa hugonga uso wa nyota kwa kilomita mamia kwa sekunde, na kishindo hicho huipasha hadi nyuzi milioni chache. Eksrei za V1647 zilitoka kwenye gesi yenye makumi ya mamilioni ya nyuzi. Kishindo peke yake hakifiki huko. Wengi wanaelekeza kidole kwenye ugasumaku: mistari yake hunyongwa kati ya nyota na diski, hukatika, huungana upya na kumwaga nishati. Sasa kwa nini nyota moja ifanye hivyo na jirani yake isifanye? Huwezi kujibu kwa mifano miwili. Na usiseme V1647 ilikuwa ajali: ilififia kufikia 2006, eksrei zikashuka nayo, 2008 ikapanda tena, eksrei zikarudi.

Kuhusu XMM, inakusanya mwanga mwingi kuliko Chandra, hilo nakubali. Ila Chandra hutenganisha vitu vilivyoachana nusu ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni digrii moja igawanywe mara 3,600). Mwaka 2003 ilikodolea Nebula ya Jabari kwa jumla ya karibu siku 10 ikahesabu vyanzo kama 1,600 vya eksrei. Katikati ya lundo lile XMM ingeona doa moja lililochanganyika.

Mchangiaji wa tatu: Wote mnajadili kioo, mmesahau watu. Chombo kikipata joto, wapangaji wa ardhini ndio wanaokokotoa kielekezwe wapi na kwa saa ngapi ili sehemu zake zipoe. Nyota ikipandisha mwanga ghafla wanapangua ratiba nzima. Kata karibu asilimia 40 ya fedha, darubini itaendelea kupiga picha zilizopangwa mwaka mzima kabla, lakini kazi ya kugeuka upesi ndiyo ya kwanza kufa. Mchangiaji wa pili, wewe ungeanza kupunguza kazi ipi?